Wataalamu wakitofautiana kuhusu usalama wa mtoto, tofauti hiyo iandikwe

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akishafikishwa hospitali, wataalamu wote watakuwa na neno moja juu yake. Kwa malaria huwa hivyo mara nyingi: kipimo kinaonyesha, dawa inaandikwa, mtoto anarudi nyumbani. Lakini swali linapokuwa "mtoto huyu ameumia au ameumizwa?", hakuna kipimo cha damu cha kulijibu. Muuguzi anaona jambo moja, daktari anaona jingine, afisa ustawi wa jamii ana taarifa za familia ambazo hao wawili hawana, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anawaza ushahidi utakaosimama mahakamani. Wote wanne wanaweza kuwa watu makini wanaomtakia mema mtoto huyo, na bado wasikubaliane.

Katika kazi ya kuwalinda watoto, kutokubaliana ni jambo la kila siku, na mara nyingine ndiko kunakomwokoa mtoto. Kinachotutia hofu ni kile kinachofuata: mwenye cheo kidogo ananyamaza, mwenye cheo kikubwa anaendelea na wagonjwa wengine, mtoto anaruhusiwa, na ule wasiwasi wa aliyenyamaza haujaandikwa popote. Baada ya wiki mbili mtoto anapoletwa tena kituo kingine, anayempokea hana habari kwamba kuna mtu aliwahi kutilia shaka.

Hili linawahusu wazazi na wagonjwa kuliko wanavyodhani, kwa sababu wao ndio wanaobaki na mtoto baada ya wataalamu kumaliza zamu.

Mtoto aliyekuja kusoma

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi mkubwa kilitokea London, ingawa mtoto mwenyewe alitoka Afrika. Victoria Climbié alizaliwa Novemba 1991 karibu na Abidjan, Ivory Coast. Mwaka 1998 wazazi wake walimkabidhi kwa ndugu wa upande wa baba, bibi mdogo aliyekuwa akiishi Ufaransa, ambaye aliahidi kumsomesha Ulaya. Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Nyumba ngapi za Dar es Salaam, Mwanza au Arusha zina mtoto wa kaka au wa dada aliyeletwa mjini kupata shule? Wazazi wa Victoria walifanya kile ambacho wazazi wengi wa Afrika wamekifanya kwa nia njema, na aghalabu mambo huenda vizuri.

Aprili 1999 Victoria na ndugu yake huyo wakahamia London. Tarehe 14 Julai mwaka huo alipelekwa hospitali na mtu wa familia ya mama aliyekuwa akimwangalia mchana, ambaye alishtushwa na majeraha aliyoyaona mwilini mwake. Madaktari wawili wa ngazi ya chini waliomwona waliamini kwamba majeraha yale hayakuwa ya ajali. Polisi wakamweka chini ya ulinzi ili asiondolewe hospitali. Kisha daktari bingwa wa watoto, mwenye cheo na uzoefu kuliko wote, akamchunguza na kuamua kwamba alama zile ni za kujikuna kutokana na upele. Ulinzi ukaondolewa, na siku iliyofuata Victoria akarudishwa kwa mtu aliyekuwa akimtesa.

Upele ni ugonjwa halisi na unawasha kweli. Ila mtoto mwenye upele anaweza pia kuwa mtoto anayepigwa. Jibu moja haliliondoi jingine. Wale waliokuwa na mashaka hawakuketi na bingwa wao, kila upande ukaweka hoja zake mezani, na mazungumzo hayo yakaandikwa. Neno la mkubwa lilishuka, likapita kwenye simu na barua kwenda kwa ustawi wa jamii na polisi, na kila lilipofika lilionekana kuwa la uhakika zaidi kuliko lilivyokuwa wodini.

Siku 10 baadaye, tarehe 24 Julai, Victoria alifikishwa hospitali ya pili akiwa ameungua usoni na kichwani. Maelezo aliyotoa ndugu yake yalikuwa kwamba mtoto alijimwagia maji ya moto mwenyewe ili kupunguza mwasho wa upele. Wauguzi waliona alama zilizofanana na za bakoli ya mkanda. Waliona pia jinsi mtoto alivyobadilika pindi ndugu yake alipoingia wodini: alisimama wima kama askari mbele ya mkubwa wake, na mara moja akajikojolea. Baadhi ya waliyoyaona hayakuingizwa kwenye kumbukumbu.

Daktari bingwa wa hospitali hii ya pili alishuku ukatili. Hata hivyo aliandika kwenye faili kwamba mtoto anaweza kuruhusiwa. Kwake yeye maana ilikuwa kwamba vidonda vimefikia hatua ya mtoto kuondoka kitandani, huku akitegemea kwamba ustawi wa jamii watafuatilia mengine. Waliosoma maneno hayo walielewa kwamba wasiwasi umekwisha. Nao afisa ustawi na askari waliopaswa kwenda kukagua nyumba hawakwenda, kwa kuogopa kuambukizwa upele. Maana yake ni kwamba lile jibu la kwanza, ambalo wenzake wa ngazi ya chini hawakuliafiki, lilimfuata mtoto na kuwa ukuta kati yake na waliotakiwa kumsaidia. Tarehe 6 Agosti akaruhusiwa.

Victoria alifariki dunia tarehe 25 Februari 2000 akiwa na miaka 8. Uchunguzi wa mwili ulikuta majeraha na makovu 128. Ndugu yake huyo na mwanamume aliyekuwa akiishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake Januari 2003, ulihesabu nafasi 12 ambazo watumishi wa umma walikuwa nazo za kumwokoa wakazipoteza, na ukatoa mapendekezo 108.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Kwa Victoria palikuwa na wengi: hospitali 2, idara za ustawi wa jamii za manispaa 4, vikosi 2 vya polisi vya kulinda watoto. Neno likaharibika hata hivyo, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye uhakika.

Miongoni mwa mapendekezo yale 108 lipo moja ambalo tungependa libandikwe ukutani katika kila chumba cha zamu nchini mwetu. Linasema kwa ufupi kwamba madaktari wanapotofautiana kama mtoto ameumizwa kwa makusudi, lazima wenye maoni tofauti wazungumze na mazungumzo yao yaandikwe. Na kwamba shaka ya ukatili ikishatajwa, isitupwe kwa sababu tu umepatikana ugonjwa wa kuielezea, mpaka ijadiliwe kikamilifu na, ikibidi, atafutwe mtaalamu mwingine atoe maoni.

Upande wa pili wa shilingi

Kuna mzazi anayesoma hapa na kuanza kuwaza: basi nikimpeleka mtoto wangu aliyeteleza bafuni, nitaitiwa polisi? Hofu hiyo si ya kubezwa. Uingereza hiyohiyo ilikuwa tayari imepata somo la namna ya pili, miaka 12 kabla ya Victoria kufika hospitali.

Mwaka 1987, katika eneo la Cleveland kaskazini mashariki mwa England, madaktari bingwa wawili wa watoto waliwatambua watoto 121 katika muda wa miezi michache kuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Walitegemea kwa kiasi kikubwa dalili moja ya kimwili, ambayo madaktari wengine walisema haitoshi peke yake. Watoto wengi waliondolewa majumbani, wodi zikajaa. Daktari wa polisi alipingana waziwazi na mabingwa wale, polisi wakawa upande wake, ustawi wa jamii wakawa upande wa mabingwa, na kila upande ukaacha kusikiliza wa pili. Wengi wa watoto wale walirudishwa kwa wazazi wao baadaye. Jaji Elizabeth Butler-Sloss, aliyechunguza sakata hilo na kutoa ripoti mwaka 1988, alilaumu jinsi taasisi zilivyoshindwa kuzungumza na kuelewana, huku watoto wakichunguzwa tena na tena.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja utaona vinafanana kuliko vinavyoonekana. London daktari mkubwa alisema hakuna ukatili. Cleveland madaktari wakubwa walisema upo. Kote kuwili kulikuwa na mtaalamu mwenzao mwenye maoni tofauti, na hapakuwa na njia iliyokubalika ya kuyapima maoni hayo mapema, kwa utulivu, kabla uamuzi haujamfikia mtoto. Mzazi asiye na hatia ana faida kubwa katika njia hiyo, sawa na mtoto anayeteswa.

Kwa nini hawaoni kitu kimoja

Inasaidia mzazi kujua kwamba mara nyingi tofauti hizi ni za kweli na za kitaalamu. Mwili wa mtoto hausomeki kirahisi.

Chukua mabaka ya rangi ya bluu na kijivu ambayo watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nayo mgongoni kwa chini na makalioni. Hayana madhara na hufifia yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Asiyeyazoea anaweza kuyadhania kuwa ni alama za kipigo. Njia rahisi ya kutofautisha ni muda: mchubuko hubadilika rangi na kwisha ndani ya siku chache au wiki mbili hivi, baka la kuzaliwa linabaki vilevile. Ndiyo maana ni vizuri mzazi akamwomba mkunga au muuguzi wa kliniki aliandike kwenye kadi ya mtoto mapema.

Michubuko nayo ina mahali pake. Mtoto anayejifunza kutembea huchubuka kwenye miundi, magoti na kipaji cha uso, na hakuna wa kulaumiwa. Mchubuko kwenye sikio, shingoni, mgongoni au mapajani unahitaji maelezo zaidi. Na mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kutambaa ni nadra sana kupata mchubuko mwenyewe. Akionekana nao, achunguzwe na daktari wa watoto siku hiyohiyo, hata kama mama hana neno baya dhidi ya mtu yeyote. Kwa ngozi yetu nyeusi michubuko hujificha, kwa hiyo daktari aliyepita haraka na muuguzi aliyemwogesha mtoto wanaweza kwa haki kabisa kuwa wameona vitu viwili.

Kuungua ndiko kunakoleta mabishano mengi zaidi, kwa kuwa majiko yetu ya mkaa huwa chini na sufuria ya uji iko usawa wa mkono wa mtoto. Walio wengi huungua kwa ajali. Maji yaliyomwagika kwa ajali huacha alama isiyo na mpangilio, yenye michirizi ya kushuka chini. Miguu yote miwili ikiungua kwa usawa mmoja, mpaka ukiwa umenyooka kama wa soksi, daktari atauliza maswali zaidi, na ana haki ya kuuliza.

Mifupa pia. Mtoto mwenye matege, au aliyezaliwa na ugonjwa unaofanya mifupa ivunjike kirahisi, anaweza kuvunjika bila kupigwa. Ni picha za mionzi, vipimo vya damu na historia ya familia vinavyotenganisha mambo hayo, na si kila kituo kinavyo.

Halafu kuna suala ambalo limeharibu kesi nyingi. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono akipimwa na kukutwa hana jeraha, wapo wanaohitimisha kwamba hakuna kilichotokea. Si kweli. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili huo hukutwa na maumbile yasiyo na alama yoyote, kwa kuwa sehemu hizo hupona haraka na kwa kuwa vitendo vingine haviachi jeraha kabisa. Daktari anayeandika "hakuna alama" amesema ukweli kuhusu alama. Hajasema lolote kuhusu maneno ya mtoto. Askari na mwendesha mashtaka wanaosoma fomu hiyo wanapaswa kuijua tofauti, na daktari anapaswa kuiandika waziwazi ili wasikosee.

Hapa kwetu

Tanzania haina uhaba wa sheria katika hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, inazipa serikali za mitaa jukumu la kumlinda, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azitoe kwa serikali ya mtaa. Tuna madawati ya jinsia na watoto polisi, tuna vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali ambapo mtoto anahudumiwa na daktari, askari na ustawi wa jamii mahali pamoja, na tuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia mtaa na kijiji hadi halmashauri. Ukubwa wa tatizo nao unajulikana tangu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliowahoji vijana wa miaka 13 hadi 24: karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18.

Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo zaidi. Tuseme bibi mmoja anamleta mjukuu wake wa miaka 2 kituo cha afya saa mbili usiku, miguu yote imeungua. Anasema mtoto alikanyaga beseni la maji ya moto. Tabibu wa zamu anasafisha vidonda, anaandika ajali. Muuguzi anayefunga bandeji anaona mpaka wa kuungua umenyooka, na anakumbuka kuwa mtoto huyuhuyu aliletwa mwezi uliopita na jino lililovunjika. Foleni ni ndefu. Tabibu amesomea miaka mingi na kesho ndiye anayepanga ratiba ya zamu. Muuguzi afanye nini?

Kwa wengi jibu ni kunyamaza, na si kwa woga tu. Tumelelewa kwamba mkubwa hapingwi hadharani, tena mbele ya mgonjwa. Heshima hiyo haina haja ya kuvunjwa. Muuguzi anaweza kumwita pembeni na kusema: "Samahani dokta, kuna kitu sijaridhika nacho kwa huyu mtoto, naomba tumwangalie tena pamoja kabla hajatoka." Sentensi hiyo haimtuhumu tabibu wala bibi. Wakimwangalia tena, mara nyingi mmoja atamshawishi mwenzake. Wasipokubaliana, tabibu aandike maoni yake, muuguzi aandike ya kwake, wote watie saini na saa, kisha wampigie mganga mfawidhi wa kituo. Mganga mfawidhi akikosa jibu, yupo mganga mkuu wa wilaya na yupo daktari wa watoto hospitali ya rufaa anayeweza kutumiwa picha na kuulizwa. Afisa ustawi wa jamii aambiwe usiku huohuo, si kwa barua ya wiki ijayo. Na mtoto abaki kituoni. Vidonda vya miguu ni sababu tosha ya kumlaza, hakuna haja ya kumtisha bibi wa watu.

Kuna wanaosema utaratibu kama huo utachelewesha huduma. Katika mfano huu, umechelewesha dakika 20 na simu mbili. Wasiwasi wetu mkubwa uko kwingine, kwa afisa ustawi wa jamii aliye peke yake kwa kata kadhaa bila usafiri, anayepokea simu tatu za namna hiyo kwa usiku mmoja. Hapo serikali isijifiche nyuma ya miongozo mizuri. Mwongozo bila mtu wa kuutekeleza unamwacha muuguzi akiwa amepaza sauti na hakuna aliyesikia, na mara ya pili hatapaza.

Tofauti ya ustawi wa jamii na polisi ni ya aina nyingine, na wazazi huiona zaidi. Polisi wanatafuta nani alifanya nini, kwa kiwango cha ushahidi kinachoweza kumfunga mtu. Ustawi wa jamii wanauliza kama mtoto atalala salama leo. Maswali hayo yana majibu tofauti. Jalada la polisi linaweza kufungwa kwa kukosa ushahidi na bado nyumba ile isiwe mahali pa kumrudisha mtoto. Mtu akikuambia "polisi wamesema hakuna kesi, kwa hiyo yameisha", mwulize afisa ustawi yeye anasemaje. Na kinyume chake, familia zikishakaa na wazee na kulipana mbuzi au fedha, mtoto hajalindwa kwa lolote. Mtaalamu anayekubali kuyamaliza mambo kifamilia ili kuepuka mvutano na wenzake ameuhamishia mzigo kwa mtoto.

Kama wewe ndiye mzazi

Kwanza, usichukie kuulizwa. Ukimleta mtoto aliyeumia na mtoa huduma akakuuliza ilikuwaje, nani alikuwepo, saa ngapi, na kwa nini mmechelewa kuja, anafanya kazi yake. Akiuliza kila mzazi maswali hayohayo ndipo atakapomgundua mtoto mmoja aliye hatarini bila kumfedhehesha mtu. Jibu kwa ukweli, hata ukweli wenyewe ukiwa kwamba ulimwacha na dada wa kazi na hujui kilichotokea. Maelezo yanayobadilika kila anapokuja daktari mpya huzua shaka kuliko jeraha lenyewe.

Beba kadi ya kliniki na karatasi za hospitali ulikopita. Usimhamishe mtoto kimyakimya kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa kuwa hukupenda swali. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, yaombe waziwazi, na uombe rufaa iliyoandikwa. Maoni ya pili yanamlinda mzazi aliyetuhumiwa bila kosa, kama ambavyo wazazi wa Cleveland walivyohitaji.

Ukiona wataalamu wanavutana mbele yako, unaruhusiwa kuuliza maswali matatu bila kumkosea mtu adabu. Mmekubaliana nini kuhusu mtoto wangu, na ni lipi hamjakubaliana? Hilo msilokubaliana limeandikwa wapi? Nani atalifuatilia, na lini? Ukipewa jina la mtu na siku, umepata kitu. Ukijibiwa "usijali mama, nenda tu", rudi kwa mganga mfawidhi.

Na kama wewe ni bibi, jirani, mwalimu au dereva wa bodaboda uliyetoa taarifa ukaambiwa hakuna kitu, jua kwamba waliokujibu huenda walikuwa na kipande kimoja tu cha picha. Ulichokiona wewe kinaweza kuwa kile kipande walichokosa. Ofisi ya mtaa, afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto ni milango tofauti. Ukifungiwa mmoja, gonga mwingine. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo. Ikiwa ni ubakaji au ulawiti, usisubiri wataalamu wamalize kubishana wala fomu ya PF3 ipatikane ndipo mtoto atibiwe: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.

Tusisahau mtoto mwenyewe. Sheria yetu inampa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, lakini katika mabishano ya wakubwa yeye ndiye anayesikilizwa mwisho, au hasikilizwi. Victoria alizungumza Kifaransa katika mji wa Waingereza. Hapa kwetu yuko mtoto anayezungumza Kisukuma, Kimasai au Kimakonde katika hospitali ya mjini, na anayemtafsiria ni mtu yuleyule aliyemleta. Mtafutieni mtu mwingine. Muuguzi au mhudumu anayeijua lugha hiyo mara nyingi yupo wodi ya pili.

Ombi letu kwa wizara zinazohusika na afya na maendeleo ya jamii, na kwa kila halmashauri, halihitaji bajeti kubwa. Kila hospitali na kituo cha afya kiwe na nusu ukurasa wa maandishi unaosema mtumishi asiyekubaliana na mwenzake kuhusu usalama wa mtoto ampigie nani, na kama huyo hakupatikana ampigie nani mwingine, kwa namba za simu zinazofanya kazi. Iandikwe humo kwamba mtoto harudishwi nyumbani kabla tofauti haijapatiwa jibu, na kwamba hakuna mtumishi atakayeadhibiwa kwa kuleta shaka aliyoileta kwa nia njema. Mafunzo ya wauguzi na matabibu yaingize mazoezi ya kuzungumza na mkubwa aliyekosea, kwa Kiswahili na kwa adabu zetu. Na kwa kuwa wodi huwa na daftari la makabidhiano ya zamu, lichorwe humo safu moja ya ziada upande wa kulia, yenye kichwa kifupi: "Tusichokubaliana kuhusu mtoto huyu".